Chupa Iliyobaki Mezani

Kisahani cha tano ndicho kilichoniponza. Vile vinne vya mwanzo vilikuwa vimeshafanya kazi yake: litiamu ilitoa wekundu uliowanyamazisha wote, sodiamu njano, shaba kijani chenye ubluu ndani yake, na potasiamu zambarau hafifu ambayo nusu ya darasa walisema wameiona na nusu wakasema mwalimu anawazuga. Cha tano hakikuwa na chumvi yoyote. Nilikiweka makusudi, methanoli tupu, ile spiriti iliyokuwa ikiwaka kwenye visahani vyote, ili walinganishe.

Nilikuwa nimezima taa na kufunga mapazia ili rangi zionekane. Makofi yalipotulia nikawasha taa niandike ubaoni. Hapo kijana mmoja wa dawati la mbele akanyoosha kidole: "Mwalimu, hiki cha mwisho kimezimika." Nikakitazama. Kweli, sikuona kitu. Na huko nyuma walishaanza kuimba: "Rudia! Rudia!"

Chupa ya methanoli ilikuwa pale pale mezani, kiganja kimoja kutoka kwenye kisahani. Chupa ya lita moja, imebaki robo. Nikaifungua, nikaiinamisha.

Methanoli huwaka kwa mwali wa ubluu mwepesi sana. Gizani unauona. Ukiwasha taa, au mwanga wa jua ukiingia, unapotea machoni ingawa unaendelea kuwaka. Hilo nilikuwa nalijua. Nilikuwa nimelisema kwa mdomo wangu mwenyewe mbele ya darasa hilo hilo wiki mbili kabla, na kuna wanafunzi walikuwa wameliandika kwenye madaftari yao.

Sikumbuki mlipuko. Nakumbuka sauti ya kufoka, fuuu, kama ya jiko la gesi linalowaka kwa kuchelewa. Nilivyokuwa nafikiria moto siku zote ni kwamba unapanda juu. Huu haukupanda. Ulitoka kwenye shingo ya chupa ukaenda mbele, mlalo, kama maji yanavyoruka kwenye mpira wa kumwagilia ukibana ncha kwa kidole gumba. Ukavuka meza yangu, ukavuka nafasi iliyokuwapo, ukamfikia yule kijana aliyeniambia kimezimika. Yote hayo yaliisha kabla sijapata akili ya kuweka chupa chini. Mgongo wa mkono wangu nao ulikuwa unaungua na sikuona mwali wowote juu yake. Nilihisi joto tu, nikaupigapiga kwenye koti bila kujua nazima nini.

Mtunza maabara wetu alikuwa mama mtu mzima ambaye kila mmoja alimwita Mama Maabara, walimu kwa wanafunzi. Alitoka stoo na blanketi la moto mikononi, akamfunika kijana, akamlaza sakafuni. Nilipofika nikataka kumvua sweta. Lilikuwa la nyuzi za sintetiki, limejikunja na kuganda shingoni kama plastiki iliyoyeyuka. "Usivute!" aliniambia. "Palipoganda paache. Maji kwanza."

Tukampeleka kwenye bomba. Baada ya dakika kama tatu kijana alisema maumivu yamepungua, akaanza kutetemeka, nami nikafunga maji nikidhani yametosha. Mama Maabara akayafungua tena bila kunitazama. "Mwanangu, dakika ishirini ni ishirini," alisema, akatazama saa ya ukutani. Sehemu ya mwili iliyosalia kavu aliifunika ili asipate baridi, sehemu iliyoungua akaiacha chini ya maji hadi muda ukaisha. Daktari aliyempokea alisema maji yale yalisaidia sana. Joto huendelea kuharibu ngozi ndani kwa ndani hata moto ukishazimwa, na maji ya bomba yanayotiririka ndiyo yanayolitoa. Barafu hapana, mafuta hapana, dawa ya meno hapana.

Kijana aliungua shingo, sikio la kushoto na sehemu ya mkono. Alipona. Sikio lina alama hadi leo.

Wengine thelathini na kitu walikimbia, na hapo nikagundua jambo jingine ambalo sikuwa nimelifikiria hata siku moja: mlango pekee ulikuwa upande wangu. Meza ya onyesho ilikuwa kati ya wanafunzi na mlango. Ili watoke, ilibidi wapite karibu na moto. Kizimamoto nacho kilining'inia ukuta wa mwisho, nyuma ya madawati, yaani mimi ninayekihitaji nilikuwa mbali nacho kuliko mtu yeyote chumbani.

Siku ya nne baba wa kijana yule alikuja. Nilijiandaa kwa matusi, na nadhani matusi yangenifaa zaidi. Alikaa, akaweka kofia yake magotini, akauliza: "Mwalimu, siku ile ulikuwa unawafundisha nini?"

Nikaanza kueleza. Kwamba joto linasukuma elektroni za atomu zipande ngazi ya juu ya nishati, na zikirudi chini zinatoa mwanga, na kila elementi ina ngazi zake ndiyo maana rangi zinatofautiana. Alisikiliza hadi mwisho. "Na hayo ulikuwa umeshawaambia?"

Sikuwa nimewaambia. Nilipanga kuwaambia baadaye, wakishatulia. Nilichokuwa nimefanya hadi dakika ile kilikuwa tamasha. Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyekuwa na swali la kujibu kwa kutazama zile rangi. Baba yule hakuniambia hivyo. Alishukuru, akaaga, akaondoka. Lakini nilipotafuta mstari katika maandalio yangu ya somo unaosema wanafunzi wataangalia nini na wataandika nini, sikuuona. Niliona "onyesho la upinde wa mvua, dakika 10".

Mama Maabara naye alikuwa na swali lake. Uongozi ulifanya kikao, yakasemwa mengi kuhusu miwani ya usalama, kuhusu madawati ya mbele, kuhusu nani aliidhinisha nini. Yeye alikaa kimya mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja: "Chupa ilikuwa inafanya nini mezani?"

Watu wakaona swali dogo. Mimi sikulala nalo.

Usiku ule nilichukua jedwali la kanieneo ya mvuke, yaani nguvu ambayo mvuke wa kimiminika unasukuma nayo, lile lile ninalowatolea wanafunzi mazoezi. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, methanoli ina kanieneo ya mvuke ya milimita 127 hivi za zebaki. Kanieneo ya kawaida ya hewa ni 760. Gawanya: ndani ya chupa iliyofungwa, juu ya kimiminika, karibu asilimia 17 ya ile hewa ni mvuke wa methanoli. Na mvuke huo hushika moto ukiwa kati ya asilimia 6 na 36. Kwa maneno mengine, chupa yangu ilikuwa na robo tatu ya mchanganyiko ulio tayari kabisa, umepimwa vizuri kuliko ambavyo ningeupima mwenyewe. Ingekuwa imejaa hadi shingoni kungekuwa na nafasi ndogo ya mvuke. Ilikuwa hatari zaidi kwa sababu ilikuwa imebaki kidogo, na mimi nilijisikia salama nayo kwa sababu hiyo hiyo.

Nikapiga hesabu ya ethanoli, maana wapo wanaosema badilisha tu spiriti na mambo yaishe. Milimita 59, asilimia 8 hivi. Inashika moto kati ya asilimia 3.3 na 19. Nayo iko katikati. Petroli, kinyume na watu wanavyofikiri, mvuke wake ndani ya galoni iliyofungwa kwa kawaida huwa mzito kupita kiasi hadi hauwaki humo ndani, maana unavuka asilimia 7 na kitu ambayo ndiyo mwisho wake. (Sisemi mtu amimine petroli kwenye moto. Nasema woga wetu tunauelekeza tusikokutazama vizuri.) Alkoholi hizi mbili, katika joto la chumba la kawaida, zinakaa ndani ya chupa zikiwa katika kipimo kinachowaka.

Kilichofuata nikakielewa hatua kwa hatua. Uzi wa kimiminika ulipogusa mwali nisiouona, moto ulipanda kwenye mvuke kuelekea shingoni. Ukaingia ndani. Mvuke wa ndani ukawaka wote kwa mara moja, gesi zikatanuka, na njia ya kutokea ni moja tu, ile shingo ambayo mimi nilikuwa nimeielekeza kwa wanafunzi na ambayo ilikuwa imezibwa na kimiminika kinachotoka. Gesi ikakisukuma kimiminika mbele, kikawaka kikiwa hewani. Chupa yenyewe haikupasuka. Haikuwa na haja. Ilifanya kazi kama bunduki.

Kwa muda mrefu nilidhani nimefanya uzembe ambao haujawahi kufanywa na mtu. Kisha nikasoma taarifa ya bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali, iliyotolewa mwaka 2014. Katika wiki chache tu za mwaka huo kulikuwa na ajali za aina hii kwenye jumba la sayansi huko Reno, Nevada, kwenye shule huko Denver, na mahali pengine katika jimbo la Illinois. Ile ya Denver niliisoma mara tatu: methanoli inamiminwa kutoka chupa ya lita nne, moto unatoka kama mshale wa mita tatu na nusu hivi, unampiga mwanafunzi kifuani. Mwaka huo huo chama cha wanakemia cha Marekani kiliwataka walimu waache kabisa kufanya upinde wa mvua kwa methanoli kwenye meza iliyo wazi. Kilichonishtua ni kufanana. Watu walioelimika, wanaolijua onyesho lao, wamelifanya mara nyingi bila tatizo, na karibu kila mara ajali inatokea katika kumimina kwa pili. Mara ya kwanza mambo huenda salama. Hatari huja moto ukififia, watazamaji wakidai zaidi, na chupa ikiwa karibu.

Sasa video zimejaa kwenye simu za wanafunzi na za walimu pia. Zinaonyesha rangi, hazionyeshi chupa iliwekwa wapi.

Uongozi ulitaka kupiga marufuku moto wote maabara. Niliomba wasifanye hivyo, na ilionekana ajabu ombi hilo kutoka kwa mtu mwenye bendeji mkononi. Hoja yangu ilikuwa kwamba rangi za mwali ni jambo la kweli ambalo mwanafunzi anapaswa kuliona kwa macho yake, na kwamba njia ya kuliona bila kumimina kitu ilikuwapo miaka yote. Mimi niliiona inachosha.

Njia yenyewe ni vijiti vya mbao. Unavilowesha usiku kucha kwenye maji yenye chumvi husika, kila chumvi na bika lake, na asubuhi unapitisha kijiti kwenye mwali wa kichomeo cha gesi kwa sekunde chache kabla mbao yenyewe haijashika moto. Kisha unakitumbukiza kwenye bika la maji. Ndiyo yote. Mwali ni mmoja, una kifunguo, na ukifunga gesi umekwisha. Hakuna kimiminika kinachowaka popote chumbani. Wanafunzi wakiwa na miwani, nywele zimefungwa nyuma na mikono ya mashati imekunjwa, wanafanya wenyewe, wawili wawili.

Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilidhani watanung'unika. Moto ni mdogo, urefu wa kidole. Lakini binti mmoja akaja na kijiti cha potasiamu akilalamika: "Mwalimu, hiki kinatoa njano. Mmekosea chupa." Nikamuuliza amekishika wapi. Akanionyesha: alikishika mwisho uliolowa, kisha akakigeuza. Jasho la vidole vyake lilikuwa na sodiamu ya kutosha kufunika zambarau yote. Tukachukua kijiti kikavu, kisichoguswa na chumvi yoyote, akakisugua kiganjani, akakipitisha kwenye mwali. Njano tele. Darasa zima likaanza kuchoma jasho lake. Kisha tukatazama kijiti cha potasiamu kupitia kipande cha kioo cha bluu cha kobalti, ambacho huzuia njano, na zambarau ikajitokeza. Miaka yote ya visahani na giza sikuwahi kupata swali kama lile, kwa sababu hakuna aliyekuwa karibu kiasi cha kuliuliza.

Maonyesho mengine nayapitia haraka. Puto la haidrojeni bado nalifanya, dogo, limefungwa kwenye uzi, nalichoma kwa mshumaa uliofungwa kwenye ncha ya fimbo ndefu, nimewaambia wazibe masikio na wafungue midomo kidogo. Haidrojeni iliyochanganyika na oksijeni siiweki ndani ya puto, mlio wake unadhuru masikio. Utepe wa magnesi naufanya, kipande cha sentimita 3, nikiwaonya wasiutazame moja kwa moja, na kando nina ndoo ya mchanga mkavu kwa kuwa magnesi huendelea kuwaka hata ndani ya kaboni dioksidi, hivyo kizimamoto cha gesi hiyo hakifai kitu. Lile la kutumbukiza peremende kwenye klorati ya potasiamu iliyoyeyuka nimeliacha moja kwa moja. Wapo wanaolifanya vizuri. Mimi sijawahi kuona swali linalojibiwa na lile ambalo haliwezi kujibiwa kwa njia nyingine, na bomba la kioo lenye klorati ya moto si kitu ninachotaka mbele ya watoto.

Kuhusu alkoholi nina utaratibu wa kibishi ambao wenzangu huucheka. Nikiihitaji, Mama Maabara hupima stoo kiasi cha kutumika mara moja, mililita 5 au 10, anakitia kwenye kichupa kidogo, analeta kichupa hicho tu. Chupa kubwa haivuki mlango wa stoo. Kichupa kikishamiminwa kinafungwa na kurudishwa stoo kabla kiberiti hakijatoka mfukoni. Kisahani kikizimika, au kikionekana kimezimika, kinafunikwa kwa kifuniko cha chuma na kuachwa hadi kipoe, na somo limeisha kwa upande wa kisahani hicho. Hakuna kuongeza. Meza nimeigeuza, iko upande wa pili sasa, mlango uko nyuma ya wanafunzi. Kati ya meza na dawati la kwanza nimechora mstari sakafuni kwa rangi, mita 3 na zaidi. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayeuliza kwa nini mstari upo, na kila mwaka namwambia.

Mwaka jana tulipata mwalimu kijana, hodari kuliko nilivyokuwa mimi kwa umri wake. Aliniomba aje kuona somo langu la rangi za mwali. Aliliona, akalisifia kwa adabu, kisha baada ya kipindi akanifuata. "Lakini mzee, huoni ni dogo mno? Vijana hawa wamezoea vitu vikubwa. Mimi nilikuwa nafikiria visahani, gizani, ukimimina tu kidogo kidogo..."

Nilimwonyesha mkono wangu. Ngozi ya mgongo wake inang'aa kidogo ukiigeuzia mwanga. Akautazama, akasema pole, akanyamaza kwa heshima. Kisha akasema yeye angekuwa mwangalifu.

Sikumjibu hapo hapo. Nilimpeleka ubaoni, nikaandika 127, nikaandika 760, nikampa chaki. Akagawanya. Nikaandika chini yake 6 na 36. Akasimama akitazama zile namba muda mrefu kidogo, chaki mkononi. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayejiuliza mwenyewe, "Na ikiwa imebaki robo?"

Wiki iliyofuata alifundisha vijiti. Nilikaa nyuma. Mwishoni wanafunzi wakaanza wimbo wao ule ule: "Rudia! Rudia!" Akawaambia wanaotaka waloweshe vijiti vingine, vitakuwa tayari kesho asubuhi, akafunga gesi. Mlango wa stoo ulikuwa umefungwa, na Mama Maabara alishakwenda zake na ufunguo.